Wavuvi wa mshipi wa wikiendi: tunafungiwa bahari kidogo kidogo, na nusu ya kosa ni letu wenyewe

MshipiMmoja (mwanzisha uzi)

Asalaam alaykum wadau wa bahari. Uzi mrefu huu, asokuwa na subira apite tu hatugombani.

Mie si mvuvi. Nasema mapema kabla hajaja mtu kunambia. Mie fundi mafriji, nakaa Bububu hapa Unguja, ila tangu nna miaka minane marehemu baba akinichukua kuvua mshipi kila Jumapili, risasi za kuzamishia mshipi tukiyeyusha wenyewe kwenye kopo la maziwa, chambo ngisi au dagaa wa jana, tunakaa juu ya jabali mpaka maghribi. Tukirudi na changu wanne watano ndo kitoweo, tukirudi mikono mitupu mama anatutizama tu anatia nazi kwenye mchicha. Hata sasa mshipi wangu nazungusha kwenye kibao kile kile chake, rodi nilinunua mara moja ikakatika nkaona basi.

Sasa wiki tatu nyuma nkaenda kaskazini, pahala sipataji, kuna jabali limeingia baharini nshavua pale miaka na miaka. Nimetandaza zana zangu, ndoana bado haijalowa, kaja mlinzi. Kijana wa watu ana adabu zake, kanamkia vizuri, kisha "mzee wangu hapa wameshachukua, pa wageni". Nkamuuliza, mwanangu bahari nayo ya wageni? Akacheka akatizama chini. Simlaumu, ana mkuu wake nyuma. Nkakunja mshipi nkaondoka. Njiani nkawa nahesabu majabali na fukwe nilizokuwa navulia nikiwa mdogo, kati ya saba zimebaki mbili, na moja kati ya hizo mbili kuna bango la kiwanja kinauzwa.

Hilo la nchi kavu. La majini ni hili: kabla ya hapo tulitoka na mashua ya rafiki yangu, watu wanne, mshipi wa mkono tu, tukaingia eneo la hifadhi. Kijiboti kikatujia, wamevaa fulana, kibali kiko wapi? Kibali gani? Hakuna kati yetu aliyejua na wao wenyewe kila mmoja alikuwa na bei yake. Tukatoa, risiti hatukuona. Huku sisi tunaulizwa kibali, upande wa pili wa fungu naona juya, ule wavu wa kukokota, linakokotwa na watu wanapiga maji kwa magongo, kigumi kile kile tunachoambiwa ni marufuku, na hakuna aliyekwenda kuwauliza.

Nlirudi nyumbani na hasira nkataka kuandika hapa siku ile ile, mke wangu kanambia kwanza kunywa maji. Nkanywa, nkafikiri, na nilichokipata hakinifurahishi. Sisi watu wa mshipi wa wikiendi HATUPO. Tizama makaratasi yote. Yupo mvuvi mdogo wa kijijini ana kamati yake ya wavuvi ya shehia, yupo mwenye meli za bahari kuu huyo ana mamlaka yake nzima na ofisi Fumba, yupo mtalii ana ada yake na boti yake. Sasa fundi mafriji wa Bububu na mwalimu wa Mombasa na dereva wa daladala wanaokwenda kutupa ndoana Jumapili, sisi nani? Hatuna jina. Na asokuwa na jina haitwi kwenye kikao.

Na vikao vinakuja, msidhani mambo yamesimama. Mwezi Disemba 2022 nchi za dunia zilikubaliana kule Montreal ifikapo 2030 asilimia 30 ya bahari na nchi kavu iwe kwenye hifadhi. Mie sipingi hata kidogo. Hapa kwetu Zanzibar, Chumbe imefungwa uvuvi tangu 1994, Menai ikatangazwa 1997, Misali 1998, Mnemba 2002, mkondo wa Pemba 2005, kisha zikaja Tumbatu na Changuu-Bawe. Ukipiga mbizi Chumbe ukaona chewa alivyokaa pale kama mwenye nyumba huna ubishi tena kwamba kufunga kunasaidia. Suali langu ni moja, ikija kuongezwa hiyo hifadhi mstari unachorwa na nani, na wapi? Maana nnachokiona ni kwamba mstari unapita pale ambapo hakuna wa kupiga kelele. Wa juya wako wengi wana kura, wa hoteli ana fedha, wa mshipi hana chochote, basi yeye ndo anaondolewa halafu inaandikwa bahari imehifadhiwa.

Pendekezo langu mtanitukana lakini nalisema. Tujisajili. Tulipe hata elfu mbili tatu kwa mwaka, kwa risiti. Tuandike tunachovua. Tupate kiti kwenye hizo kamati. Nusu ya kosa letu, tumezoea kuvua kama watoto wanaochuma maembe ya jirani.

Haya, nipigeni.

---

Mkojani_Dago

Yakhe nimesoma mpaka mwisho nkacheka. Wewe ukikosa samaki unapita sokoni Darajani unanunua ukarudi nyumbani ukasema umevua. Mie nkikosa watoto wanalala na chai. Sasa unataka tukae kwenye kiti kimoja?

Na hilo juya ulilolitupia jicho, wa juya nao wana watoto. Sisi Kojani dago, kupiga kambi ya uvuvi mbali na kwetu, tunakwenda toka enzi za mababu, Unguja, Tanga, mpaka Kenya huko, miezi na miezi tuko nje. Kila pahala tukitia nanga tunaambiwa hapa hifadhi hapa hifadhi. Wewe umefukuzwa kwenye jabali moja unaandika uzi, mie nshafukuzwa nchi mbili.

---

MshipiMmoja

@Mkojani_Dago sheikh wangu hapo kwa kitoweo umenipiga sina jawabu. Ila kigumi usinitetee bana. Magongo yale yanavunja matumbawe, na hapo ndipo watoto wa samaki wanapojificha. Juya la kutega maji makuu silisemi.

---

Mkojani_Dago

Kigumi sikitetei. Nimesema wana watoto, sikusema wana haki.

---

NahodhaNungwi

Mie napeleka wageni kuvua, Leven Bank na mkondo wa Pemba, kaskazi ikiingia ndo msimu wetu wa sulisuli na nduwaro, tunarambaza, yaani tunaburuta mishipi nyuma ya boti, toka alfajiri. Niseme ukweli hapa watu wanatuona matajiri. Mgeni analipa dola kwa mwenye boti, mie nahodha napata changu cha siku na bahshishi ikitoka.

Lakini kwa hifadhi sisi tuko mbele kuliko watu wanavodhani. Sulisuli tunamwachia. Anapigwa picha ubavuni mwa boti, ndoana inatolewa au uzi unakatwa, anakwenda zake. Hata huko kwenye tume ya jodari ya Bahari ya Hindi kuna azimio la 2018 la samaki hawa wa mdomo mrefu, nduwaro na sulisuli chini ya sentimita 60 haruhusiwi kubakizwa chomboni, ukimpima toka taya ya chini mpaka pale mkia unapogawika. Mie wangu wote naachia hata akiwa mkubwa kama mlango.

Kwa hiyo mwanzisha uzi mbona usiseme tu, wa mshipi waruhusiwe kila pahala hata ndani ya hifadhi ila waachie? Imekwisha.

---

MshipiMmoja

@NahodhaNungwi kwa sulisuli sawa, anakamatwa juu juu. Chewa je? Umvute chewa toka pima ishirini na tano umlete juu haraka haraka, kile kibofu cha hewa ndani yake kinavimba, macho yanatoka, tumbo linasukumwa mpaka mdomoni. Unamwachia, anaelea ubavu ubavu, kipanga anakuja. Umemwachia au umemlisha kipanga? Mie nlifanya hivo siku moja pale nyuma ya Bawe, chewa wa kilo nne hivi, nilimtizama akielea mpaka tukapotezana, wallahi siku ile sikuvua tena.

Halafu chewa ana jambo lake. Anazaliwa jike, akikua ndo anageuka dume, na changu wengi vilevile. Kwa hiyo wale wakubwa tunaowatafuta kwa picha ndo madume, ukiwamaliza umebakisha wanawake watupu mwambani. Ndo maana nasema kuna mahala kufungwe kabisa hata kwa sisi wa kuachia. Sitaki kuruhusiwa kila mahala. Nataka niulizwe kabla.

---

NahodhaNungwi

Hilo la tumbo mdomoni kweli nshaliona. Kuna wanaomshusha tena na kamba yenye risasi mpaka chini ndo wanamwachia, anapona. Ila nani ana subira hiyo na mgeni anataka kutupa tena.

---

BiPwezaPemba

Kaka zangu naona mnazungumza boti, rodi, kurambaza. Haya wanawake tunaokwenda pwani kwa miguu na kijiti mbona hamtutaji? Sie ndo wa kwanza kuambiwa mwamba umefungwa.

Kwetu kusini mwa Pemba, Kisiwa Panza na jirani zake, mwamba wa pweza unafungwa miezi mitatu kisha unafunguliwa. Na inafanya kazi, pweza anakua haraka hasubiri mtu, ukimwacha miezi mitatu yule wa nusu kilo unamkuta ni pweza wa kueleweka. Na maisha yake mafupi, akishataga akalinda mayai anakufa, usipomchukua hukumwekea mtu akiba ya miaka kumi. Kwa hiyo kufunga tumekubali, tena kwa mkutano wetu, wazee walikaa, wanawake tukakaa, tarehe tukapanga sisi.

Tabu ni siku ya kufungua. Sie tunasubiri maji yapwe, siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, saa nne asubuhi ndo mwamba unatoka. Wanaume washakuja na vioo na viatu vya mbizi tangu alfajiri, wengine si wa kijiji hatuwajui, wanapiga mbizi kwenye maji ya kifua wanatoa pweza kwenye mashimo yote. Tunafika sie na vijiti vyetu, mashimo matupu. Miezi mitatu nimelinda mwamba kwa ajili ya mtu sijui jina lake.

Kwa hiyo wewe MshipiMmoja ukisema unataka jina liandikwe mie nakuelewa, tena nakuunga mkono. Tujue nani anakuja. Ila usije na wenzako wanane siku ya kufungua ukasema mnajifurahisha.

---

MshipiMmoja

Bi Pweza shkamoo. Hapa ndo penyewe. Mwamba mmefunga wenyewe, mnajua kwa nini na mpaka lini. Lile jabali langu limefungwa na mtu ambaye hata mlinzi wake hamjui sura. Vyote viwili vinaitwa kuhifadhi pwani kwenye hotuba, na havifanani hata kidogo.

---

WaMisali

Mnakumbuka kisiwa cha Misali, huku Pemba? Miaka ya tisini ilitaka kukodishwa ikajengwe hoteli. Wavuvi wa pale waliposikia wakasimama, wazee wakasimama, mpaka ikaishia kuwa hifadhi 1998 badala ya hoteli, na mvuvi akabaki na sehemu yake ya kuvua, pakafungwa kipande tu kisiguswe. Wazee walisema kisiwa kile ni msala, mkeka wa kuswalia, alikuja mtu wa Mungu akaomba msala wakamwambia hatuna, akasema basi kisiwa chenyewe ndo msala wangu kimeelekea kibla. Masheikh wakaingia wakawasomesha watu kwamba bahari ni amana. Afisa na boti yake mtu anaweza kumkimbia usiku, huyo wa amana utamkimbilia wapi?

Nyie wa Unguja mna tabia ya kulalamika jabali lishauzwa tayari. Sisi tulilalamika kabla.

---

Mkojani_Dago

@WaMisali sema pia sasa hivi Misali ukienda kuvua unapishana na boti za wapiga mbizi, mvuvi anaambiwa asogee wageni wapige picha 😂

---

WaMisali

Hilo lipo, sikatai.

---

Abuu_Tampa

Salaam kutoka Marekani, mtoto wa Mkunazini nipo Florida mwaka wa kumi na moja. Nimeupenda uzi huu kwa sababu huku ugomvi ndo huu huu, ila wa mshipi wa wikiendi huku ni jeshi.

Sikilizeni jinsi walivyofanya. Toka 1950 kuna sheria, kila rodi, rili, ndoana ikiuzwa kiwandani kuna kodi, zana nyingi asilimia 10, fedha ile hairudi kwenye mfuko wa serikali kuu ikapotea, inagawiwa majimbo kwa kazi za samaki na kujenga pahala pa kushushia boti. Kwa hiyo mvuvi wa wikiendi akija kikaoni anasema mie ndo nnayelipia hii kazi. Ana mdomo. Na sheria yao kubwa ya uvuvi ya 1976 iliunda mabaraza manane ya kanda, mle ndani wamo wa biashara na wamo wa kujifurahisha, wanagombana mezani badala ya mitandaoni.

Sasa hapa ndo hoja ya MshipiMmoja inapoingia. Huku Florida mie mkaazi nkivua nimesimama ufukweni leseni ni BURE, lakini lazima niwe nayo. Mwanzo nkashangaa, leseni ya bure ya nini? Nkaja kufahamu, wanataka kujua tupo wangapi. Basi. Wakishajua tupo wangapi wanaweza kutupigia simu kuuliza umevua nini.

Ila msije mkadhani peponi. Kuna samaki mwekundu mfano wa fatundu wetu, wa Ghuba ya Meksiko. Mwaka 2017 serikali kuu ikatangaza msimu wa boti binafsi SIKU TATU. Siku tatu mwaka mzima! Watu walikasirika mpaka ikaongezwa siku 39 nyingine. Furaha kubwa, halafu wataalamu wakasema mmevua kupita kiasi kilichopangwa kwa mbali sana. Kwa hiyo na wa wikiendi naye anaweza kumaliza samaki, tena haraka. Msijitetee sana kwamba mshipi hauna madhara.

---

MshipiMmoja

@Abuu_Tampa hilo la mwisho limeniuma kwa sababu ni kweli. Mshipi mmoja hauna madhara. Mishipi elfu tano kila Jumapili sijui. Na mie siwezi kukwambia tupo elfu tano au mia tano, hakuna anayejua, hakuna aliyehesabu.

---

KamatiYaMwambao

Mie nipo kamati ya wavuvi ya shehia moja upande wa Menai, sitaji. Nimeusoma uzi kimya kimya tangu jana naona mnatutaja taja.

Kwanza wale waliokuchukulia fedha bila risiti, siku nyingine usitoe. Uliza jina, uliza kitambulisho, na chukua nambari ya chombo. Kuna wanaojivisha fulana.

Pili, unalalamika hukuitwa kikaoni. Nikuite vipi? Kamati ni ya shehia, wanachama ni wavuvi wanaokaa hapa. Wewe unakaa Bububu unakuja kuvua kwangu Jumapili, Jumatatu upo kwenye friji za watu. Nyavu zikikatwa huumii, doria usiku hulali, mafuta ya boti tukichanga huchangi. Halafu unataka kiti. Sisi wenyewe kuna mwezi doria hatutoki kwa sababu ya lita ishirini za petroli.

Hilo la kulipa elfu mbili tatu sasa, hilo nimelisoma mara mbili. Ikija kwa kamati na si kupotelea huko juu, tunaweza kuzungumza.

---

MshipiMmoja

@KamatiYaMwambao mzee wangu umenena. Basi nikuulize kiungwana. Tukija watu kumi wa mshipi, tumeandika majina, tunalipa kwako kwa risiti ya kamati, tunaleta daftari la tulichovua kila mwezi, samaki gani, wangapi, urefu, wadogo tumewaachia wangapi. Doria tukachangia lita zetu na mmoja wetu akalala na nyie mara moja kwa mwezi. Utatupa nini?

---

KamatiYaMwambao

Siwezi kukupa kiti, kanuni hainiruhusu. Nnaweza kukwambia pahala gani pamefungwa na mpaka lini, kukwita ukae usikilize, na ukivua ndani ya mipaka hakuna mtu wa kijiji atakugusa. Na ukiwa na daftari la mwaka mzima siku wakija wa wizarani kuchora mstari mpya nitalitoa mezani. Karatasi ina nguvu kuliko mimi.

Lakini kumi tu. Usiniletee mia.

---

Mkojani_Dago

Mnaandikiana mikataba huku jodari anamalizwa huko nje. Mie nasema kweli, meli za nyavu za kuzungusha zile na maboya yao ya kuvutia samaki, mbona hakuna hata mmoja hapa amezitaja? Jodari wa mapezi ya manjano, mwaka 2015 wakubwa wenyewe walisema amevuliwa kupita kiasi Bahari ya Hindi nzima. Kamati ya shehia itamfanya nini mtu aliye nje ya maili 12?

---

NahodhaNungwi

Hapo Mkojani kasema. Yale maboya tunayaokota, yamekatika yanaelea na nyavu chini na kifaa cha setilaiti juu kinawaka taa. Mwaka juzi moja lilikwama mwambani limefunika matumbawe kama shuka.

---

MshipiMmoja

Kweli, na huko siwezi kufika na kibao changu cha mshipi. Huko ni kwa mamlaka ya bahari kuu na ile tume ya jodari yenye makao Shelisheli, na sisi kama nchi ni wanachama kule, mtu wetu anakaa mezani. Lakini yakhe, nkisema nisubiri jodari apone ndo nidai jabali langu, jabali litakuwa bwawa la kuogelea.

Nimeshapata watu sita. Mmoja mwalimu, atatuchorea daftari. @KamatiYaMwambao nakuja Jumamosi inshallah, unielekeze kwa ujumbe wa siri. @BiPwezaPemba nikija Pemba ntauliza kwanza.

---

KamatiYaMwambao

Jumamosi ni bamvua, maji yanajaa saa kumi. Njoo mapema tukae kwanza kabla ya kuvua. Na chambo kuja nacho, huku ngisi ghali.

---

Mkojani_Dago

Daftari lenu lina kurasa za wa dago au la?

---

MshipiMmoja

Niachie ukurasa wa nyuma sheikh. Ntakuandikia mwenyewe kwa mkono wangu.